Stelingi Hafi

Baba yangu alifanya kazi ya kutafsiri filamu kwa miaka mingi, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Kichina hakujua hata neno moja. Hilo halikumsumbua. Katika banda letu la video kule machimboni Bugarama alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akawaeleza wachimbaji kila kilichosemwa na mengi ambayo hayakusemwa. Waigizaji wakizungumzia hali ya hewa, yeye aliwapa ugomvi wa mashamba. Watu walikuja kumsikiliza yeye, picha ilikuwa nyongeza tu.

Banda lilikuwa la miti na magunia, juu turubai. Mlango haukuwapo. Palikuwa na blanketi zito, na Mama alikaa hapo kuhakikisha mwanga hauingii. Filamu ikiisha, majina ya waigizaji yakianza kupanda kwenye kioo, Baba alitangaza, "Majina yanapanda, fungua!" Mama akaliinua blanketi, jua la mchana likaingia lote kwa mara moja, na watu wakatoka wakifikicha macho, wengine wakiwa bado na udongo wa duarani, kule shimoni walikochimba, masikioni. Nimekulia humo, kwenye harufu ya mafuta ya jenereta na jasho la watu wazima, na sijutii.

Mkuu wa filamu, yule anayepigwa mwanzoni na kupiga mwishoni, watu wengi humwita steringi. Baba alimwita stelingi, maana ulimi wa Kisukuma haukosani na herufi l. Shuleni mwalimu alinisahihisha, na nyumbani nikarudi kwenye stelingi bila kujiuliza. Na katika banda letu kulikuwa na sheria moja: stelingi hafi.

Sheria hiyo ilikuja na msiba. Duara moja liliporomoka na kufukia watu. Siku ya mazishi, jioni, banda lilijaa kuliko kawaida, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa peke yake kibandani kwake. Baba aliweka kanda mpya ambayo mwisho wake hakuwa ameuona. Stelingi akapigwa risasi darajani, akaanguka, akafa macho wazi. Mchimbaji mmoja aliyekuwa amemzika mdogo wake siku ileile alisimama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyu naye?"

Baba akakinyakua kipaza sauti. "Kaa chini, ndugu yangu. Kaeni wote. Nani kawaambia kafa? Stelingi hafi! Huyo kazimia, anawazuga maadui. Sehemu ya pili mtamwona, anakuja na farasi."

Wakakaa. Mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Sehemu ya pili haikuwapo popote duniani. Mama alipomuuliza baadaye kwa nini amewadanganya watu waliotoka kuzika, alisema, "Mtu anayeshuka duarani kesho asubuhi, huwezi kumwonyesha stelingi amekufa." Tangu hapo hakufa stelingi hata mmoja. Wengine walichomwa visu, wengine walianguka na ndege. Wote walizimia.

Siku hizi mabanda yale yamekwisha, kila mtu ana sinema mfukoni. Mimi nina kibanda mjini Shinyanga, karibu na stendi, ninawajazia watu filamu na nyimbo kwenye flashi. Wazazi wangu niliwahamishia kwangu walipoanza kuchoka. Ninasema mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama husema nilizaliwa nimekunja ndita, mkunga akaniomba radhi.

Sauti ya Baba ilianza kukwaruza tukidhani ni mafua. Akasema ni vumbi la karasha, lile la kusaga mawe, limemkaa kooni tangu Bugarama na sasa linadai haki yake. Akatafuna tangawizi. Akalamba asali. Jirani akaleta mizizi ya kuchemsha, akainywa, akasifu. Siku aliposhindwa kumeza ugali na kujifanya ameshiba, niliacha kubembeleza, nikampandisha basi la Mwanza.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole. Alituambia bila kuzungukazunguka: ni saratani, imekaa kwenye kisanduku cha sauti. Dawa yake ni upasuaji. Watakitoa kisanduku chote, Baba atapumulia tundu shingoni, na hataongea tena. Akiachwa hivi, uvimbe utaziba njia ya hewa. Kwa sasa haujasambaa, akasema, na akaniangalia mimi. "Lakini msichelewe."

Baba alimsikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema, "Mama daktari, wabeja sana, nashukuru. Lakini hapo utakuwa hujanitibu. Utakuwa umenizima."

"Baba utakuwa hai," yule binti akamwambia.

"Nikiwa bubu? Bora nife naongea."

Njiani kurudi aliongea basi zima. Alimsimulia aliyekaa jirani yake, mtu asiyemjua, jinsi alivyokutana na sinema kwa mara ya kwanza akiwa mtoto Mwadui, picha ikitembea juu ya ukuta mweupe, na yeye akazunguka nyuma ya ukuta kuwatafuta watu. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya kukwangua sufuria, lakini hakunyamaza. Nilitazama pamba mashambani nikiwa nimeuma meno. Tulipofika nyumbani ilinitoka. "Unaongea nini cha maana hivyo, Baba, mpaka ukifie?" Mama akanikanyaga mguu. Baba hakukasirika, ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema tu, "Mayu, wewe hujawahi kukaa na watu wenye hofu gizani."

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Aliniita hivyo alipotaka nishindwe kumjibu.

Zikapita siku, na kila siku iliyopita niliisikia kooni kwangu mimi. Nilituma shangazi, wakala kuku wakaondoka. Nilimwomba mzee wa kanisa aje, Baba akamsimulia filamu ya Wachina mpaka chai ikapoa. Mama hakusema neno. Alichambua mchele wake, akakata viazi vya michembe, akavianika. Nilimkasirikia na yeye.

Ndipo mteja mmoja akanirudishia flashi. "Dada, filamu yako imeganda," akasema. "Kuna mzee kakaa dirishani, hatikisiki. Nimesubiri mpaka nimesinzia."

Nikaichomeka kwenye kompyuta ili nimwonyeshe kwamba hajui kutumia deki yake. Kweli kulikuwa na mzee, nchi ya baridi, kakaa kwenye kiti dirishani. Nilikaribia kumrudishia mteja maneno yake, kisha nikaona mvuke unapanda kutoka kwenye kikombe mbele ya yule mzee. Filamu ilikuwa inatembea. Ni yeye aliyetulia. Nikamwekea mteja ya ngumi, akaenda zake, na mimi nikabaki naangalia. Mzee akanywa chai. Akavaa koti, akatoka, akarudi na mkate. Hakusema lolote. Nilisogeza mbele kidogo, bado hajasema lolote.

Nikajiambia nimepata dawa. Huyu hapa mtu mzima, haongei, na anaishi. Nilimpelekea Baba filamu ile siku hiyohiyo, nikiwa sijauona mwisho wake. Ni yaleyale ya Baba na kanda ya darajani.

Tulizoea kuangalia mchana, baada ya chakula, pazia limefungwa. Baba akakaa kwenye kochi, shuka miguuni, na Mama kwenye mkeka na ungo wake. Baba akauliza swali lake la siku zote.

"Stelingi nani?"

"Huyo mzee."

"Ana bunduki?"

"Hana."

"Atampiga nani?"

"Hampigi mtu, Baba."

"Basi huyo siyo stelingi. Huyo ni jirani."

Mama akacheka mpaka akaweka ungo chini. Na Baba, kwa kuwa aliona amemchekesha, akaanza kazi. Kwa ile sauti ya sufuria akatuambia kwamba mzee huyu ni komandoo mstaafu. Anajifanya hana habari, lakini pale dirishani anahesabu maadui. Mkate alionunua una ramani ndani. Tulicheka sote watatu. Kila baada ya maneno machache alisimama kupumua, na nilikuwa naisikia hewa inavyopita kwa shida, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Akachoka mapema. Tukazima, tukasema tutaendelea kesho.

Ikawa hivyo, kila mchana kipande. Siku ya pili mzee wa kwenye filamu alifungua kabati, akatoa viatu vya kike. Akavifuta vumbi kwa leso, cha kushoto, cha kulia, akavirudisha palepale. Nilisubiri Baba aseme ndani ya kisigino kuna risasi. Akasema, "Kafiwa." Basi. Baada ya hapo alisema machache sana. "Anaenda dukani." "Kasahau alichofuata." Nilipogeuka kumtazama, alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, anaangalia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiangalia filamu. Zamani aliwaangalia watu na siyo picha.

Kisha ikaja siku ya daktari. Mzee yule kakaa kwenye kiti cha hospitali, kofia magotini. Daktari, mwanamume mwenye miwani, anamwonyesha picha ya kifua kwenye taa, anaongea kwa muda mrefu. Ndiye mtu wa kwanza kuongea sana katika filamu nzima, na lugha yake haikueleweka hata neno. Kwa kawaida hapo ndipo Baba angepata raha. Akaanza, "Huyu daktari anamwambia..." Akakohoa. "Anamwambia kwamba..." Akanyamaza.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Miaka yote ya banda, mwanamke huyu hakuwahi kutafsiri hata salamu. Akasema, "Anamwambia asichelewe."

Mchele uliendelea kupita vidoleni mwake. Niliinuka nikaenda jikoni, nikafungua bomba bila sababu, nikalia huko.

Usiku huo niliogopa, na asubuhi nikiwa kibandani nikasogeza filamu mpaka mwisho. Mzee anakufa. Hakuna risasi wala daraja. Anakaa kwenye kiti chake dirishani na kikombe chake, mvuke unapanda, unapungua, unaisha. Kikombe kinapoa, naye hakigusi. Niliifunga kompyuta, nikamfokea mteja aliyekuja kuomba nyimbo za harusi. Nilikuwa nimempelekea baba yangu mgonjwa maiti, kwa mkono wangu, nikiita dawa.

Mchana ule nikaomba Mungu umeme ukatike, na ukakatika, ndivyo mji wetu ulivyo. Ulikatika mzee akiwa anachemsha maji. "Ndiyo imeisha hivyo," nikasema haraka, nikaamka kufungua pazia.

"Kaa chini," Baba akasema.

"Imeisha, Baba."

"Majina hayajapanda." Akanitazama. Mtu aliyegeuza miisho ya filamu miaka yote humdanganyi kirahisi. "Mayu, mimi najua kazi hii. Filamu haijaisha mpaka majina yapande."

Tukakaa gizani tukiusubiri umeme. Joto lilikuwa kali. Hakusimulia chochote kutufurahisha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukaa na baba yangu ndani ya ukimya. Nilidhani utakuwa mbaya. Nilisikia kuku nje, nikasikia pumzi yake, nikasikia Mama akihamisha miguu. Umeme uliporudi, filamu ikaendelea, na mzee akaketi dirishani na kikombe chake.

Mvuke ukapanda. Ukapungua. Ukaisha. Mama aliacha kupepeta. "Amelala?" akauliza.

Nikamwangalia Baba. Nilitaka aseme amelala. Mimi niliyekuwa nikimdharau kwa uongo ule, siku hiyo niliutaka kwa roho yangu yote. Sema kazimia, Baba. Sema ana farasi.

"Hapana," akasema. Ilimchukua muda kupata hewa ya neno linalofuata. "Amekufa. Stelingi amekufa."

Majina yakaanza kupanda, ya watu wa nchi ya mbali ambao hatutawajua. Tuliyaacha yapande yote. Kisha akasema, "Fungua," na Mama akafungua pazia.

Jioni ileile alituambia twende Mwanza. Hakutoa hotuba. Nilipomuuliza ni nini kimembadilisha alijikuna shingo, palepale ambapo wangekuja kukata, akasema, "Yule bwana hakuniambia kitu, na nimemwelewa yote."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Neno la mwisho la Baba kabla ya kuingizwa ndani lilikuwa la utani, alimwambia daktari wetu asisahau kuzima jenereta. Niliapa nitayakumbuka maneno yake yote ya siku ile, na nimekumbuka hilo moja tu. Alirudi nyumbani na tundu shingoni lililofunikwa kwa kitambaa chembamba alichoshona Mama. Alipiga kofi moja kuita, mawili kukataa. Kucheka alicheka kwa mabega. Tulimkosa sana huku tukiwa naye. Siwezi kulieleza hilo vizuri zaidi. Nilikuwa ninarudi jioni, namkuta amekaa mlangoni, ananyanyua mkono, na moyo wangu unangoja sauti inayofuata mkono ule.

Siku moja mgeni alikuja kutoka Bugarama, mzee aliyepinda mgongo. Alikuwa amesikia habari. "Shikamoo, mwalimu," akamwambia Baba, ingawa walilingana umri, na Baba akaweka mkono kifuani. Mgeni alikunywa uji, mwisho akauliza lililomleta. "Yule wa darajani. Siku ile nimemzika mdogo wangu. Kweli alirudi sehemu ya pili?"

Baba alimtazama machoni. Akapiga makofi mawili.

Yule mzee akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua," akasema. "Tulijua wote. Lakini tulilala." Akamshika Baba mkono, wakakaa hivyo mpaka wakati wa basi lake.

Mvua za vuli zilimkuta bado yupo, na mvua za masika zikamkuta kitandani. Ugonjwa ulikuwa umerudi kifuani, na daktari wetu safari hii hakusema lolote kuhusu kuchelewa. Ndugu walijaa nyumbani, wa Songwa na wa wapi, nikapika vyungu vya ugali nikiwa na hasira na kila mtu aliyekula.

Ilikuwa asubuhi, pazia limefungwa kwa kuwa mwanga ulimuumiza macho. Baba alikuwa hajafungua macho tangu jana yake. Akayafungua. Akautoa mkono kwenye shuka, kiganja juu, na vidole vikaanza kupanda polepole, vikashuka, vikapanda tena. Shangazi akapiga kelele, "Anaonyesha mbinguni!" Mzee wa kanisa akaanzisha wimbo, na chumba kizima kikaitikia. Walifurahi, masikini. Walikuwa wameona ishara.

Baba hakuwatazama. Alinitazama mimi, na vidole vikapanda.

"Anasema nini?" Mama akaniuliza. Alikuwa amekaa chini karibu na kitanda, miguu imenyooka. Wimbo ukapungua, watu wakasubiri. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Anasema anajisikia vizuri. Anasema amelala tu. Mama alikuwa kama mtu wa kushuka duarani kesho asubuhi, na mimi ni mtoto wa baba yangu, uongo mzuri ninao. Lakini Baba alikuwa ananiangalia, na mkono wake wa pili uliinuka kidogo kutoka kwenye shuka, ukajaribu kupiga kofi na mwenzake. Viganja vilikutana mara moja. Mara ya pili havikufika.

"Anasema majina yanapanda," nikasema.

Ndugu wakaangaliana. Mama hakulia wakati ule. Alijishika kwenye ukingo wa kitanda, akainuka kwa taabu ya magoti yake, akapita katikati ya watu mpaka dirishani, na akafungua pazia.